Volti kwanza, DAC baadaye: kisa cha hedifoni za omu 300 mjini Tabora

Mwenye kisa ni mwalimu mstaafu wa Isevya, mkusanyaji wa muziki wa dansi uliozaliwa mjini kwake: Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids. Santuri zake nyingi alishazihamishia kwenye kompyuta, na nyimbo nyingine anazo kutoka kanda alizorekodi Redio Tanzania ikirusha. Mdogo wake anayeishi Ujerumani alipokuja likizo alimletea hedifoni za Sennheiser HD 650. Ni mtindo ulioingia sokoni mwaka 2003, na mpaka leo watu wa studio hawajauacha.

Mwalimu alizichomeka kwenye simu, akapandisha sauti mpaka mwisho, na Nyanyembe wakasikika kama wanapigia nyumba ya jirani. Mjukuu wake akazijaribu kwa Bongo Fleva, akasema hazina tatizo lolote. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam akamwambia kwa simu kwamba ugonjwa ni DAC, yaani kile chombo kinachogeuza namba za dijitali kuwa umeme unaopanda na kushuka kwa mfano wa sauti. Anunue ya shilingi milioni moja na nusu, na amplifaya itafuata akipata pesa nyingine.

Ndipo akaja kwangu na boksi mkononi.

"Fundi, nieleze kama unamweleza mwanafunzi," alisema. "Milioni na nusu ya pensheni siitoi kwa maneno ya kwenye simu."

"Mwalimu, hesabu yake ni ile ile uliyokuwa unafundisha. Volti, omu na wati."

Nilichoamini tangu mwanzo, na vipimo havikunibadilisha, ni kwamba muuzaji aliupanga mstari kinyume. Swali la kwanza kwa hedifoni za namna hii ni volti. La pili ni umeme wa nyumbani. DAC ni la mwisho, tena kwa mbali.

Vipimo vya mezani

HD 650 za bandia zipo, kwa hiyo nilianzia hapo. Weka multimita kwenye omu, gusa ncha ya jeki na shina lake, usome. Halisi husoma karibu 300 kila upande. Ukikuta 32, boksi limekudanganya. Za mwalimu zilisoma vizuri, na pande zote mbili zililingana.

Kisha simu. Nilipiga toni ya hezi 60 iliyorekodiwa kwa ukomo wa juu wa dijitali, sauti ikiwa imefunguliwa yote, hedifoni zikiwa zimechomekwa, nikapima volti za AC (umeme unaobadili mwelekeo, kama wa nyumbani) kwenye jeki. Kwa nini 60 wakati vitabu hutaja 1,000? Multimita za kawaida zimetengenezwa kwa umeme wa nyumbani. Karibu na hezi 50 husoma kweli, lakini juu sana nyingi huanza kusema uongo. Jibu lilikuwa nusu volti.

Sennheiser wanasema HD 650 hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 103 zikipewa volti 1. Kila volti zikigawanywa kwa mbili, desibeli 6 hupungua. Nusu volti basi ni desibeli 97, na huo ndio ukomo wa simu hiyo kwenye kilele cha sauti, wala si wastani wa wimbo. Hapa ndipo mjukuu na babu walipoachana. Bongo Fleva ya leo hubanwa studio mpaka wastani wake unakaa desibeli 8 au 10 tu chini ya ukomo, kwa hiyo mjukuu alikuwa anasikiliza kwenye 87 na zaidi, sauti kubwa kabisa. Mwalimu alipohamisha santuri zake alikuwa mwangalifu, akaacha nafasi nyingi juu ili sauti isipasuke. Wastani wa mafaili yake uko desibeli 25 hadi 30 chini ya ukomo. Toa hizo kwenye 97, unabaki na 67 hadi 72. Ni kiwango cha mtu anayeongea karibu nawe. Na HD 650 ziko wazi kwa nyuma: feni ya Oktoba inaingia, mvua ya bati inaingia, pikipiki inaingia.

Kwa hiyo mjukuu alisema kweli, na babu alisema kweli.

Tunahitaji kiasi gani? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, nami sikutaka mzee wa umri ule avuke sana hapo. Ili wastani ufike 80 kwa mafaili yaliyo chini kwa 28, ukomo wa mfumo lazima uwe 108. Volti 2 zinatoa 109. Volti 4 zinatoa 115, ambazo ni akiba ya kutosha hata kwa zile kanda za redio zilizorekodiwa chini kuliko zote. Volti 4 ndani ya omu 300 ni kama miliwati 53. Wati nzima haihitajiki.

Nilimwandikia jambo hili kwenye karatasi kwa sababu matangazo ya vifaa hivi hupiga kelele za wati, tena wati za kwenye omu 32. Kifaa kinachojisifu kwa miliwati 100 kwenye omu 32 kinatoa volti 1.8 hivi. Ukikichomeka kwenye HD 650, zile volti 1.8 hubaki zile zile, lakini miliwati zinakuwa 11 tu. Bado kinamtosha mwalimu, ila haitokani na ile mia iliyoandikwa kwenye boksi. Usomapo tangazo, tafuta volti. Zisipoandikwa, zidisha wati kwa omu zilizotajwa, kisha tafuta kipeuo cha pili.

Akaniuliza habari za hedifoni za planari, zile za utando bapa, ambazo mdogo wake anazitamani. Hizo ni shughuli nyingine. HE-6 ya HiFiMAN ni omu 50, na ni nzito kuisukuma: desibeli 83.5 kwa miliwati 1. Ili ifike 110 inataka karibu miliwati 450, yaani volti 4.7 na miliampea 95. HD 650 hufika hapo hapo kwa volti 2.2 na miliampea 7.5. Ya kwanza inakula mkondo, ya pili inataka volti na karibu haigusi mkondo. Ndiyo maana swali "amplifaya ipi ni nzuri" halina jibu mpaka useme hedifoni ni zipi.

Amplifaya kubwa ya sebuleni

Mwalimu alikuwa na amplifaya ya spika ya Kijapani, ya miaka ya themanini, yenye tundu la hedifoni la milimita 6.3. Hakuwahi kulijaribu. Mashine za enzi zile nyingi hazina sakiti ya pekee kwa ajili ya hedifoni. Huchukua umeme ule ule wa spika na kuupitisha kwenye rezista ili usiunguze masikio. Volti zipo tele, lakini rezista hiyo inakuwa sehemu ya hesabu.

Njia ya kuijua: piga toni ile ya hezi 60, pima volti kwenye tundu likiwa tupu, kisha funga rezista unayoijua na upime tena. Nilifunga ya omu 330, volti zikashuka nusu. Maana yake ukinzani wa ndani wa tundu lile nao ni karibu 330.

Sasa, HD 650 si omu 300 kwenye masafa yote. Kwenye besi, kuelekea hezi 100 na chini kidogo, hupanda mpaka karibu 500. Zikiwa zimetanguliwa na rezista ya 330, hugawana volti nayo: kwenye omu 300 hupata asilimia 48, kwenye 500 hupata asilimia 60. Tofauti ni desibeli 2 za besi ambazo hakuna aliyeziomba. Kwa mlango wa hedifoni wenye ukinzani wa omu 10, tofauti hiyo ingekuwa sehemu ya kumi tu ya desibeli. Wajuzi hutumia kanuni ya moja ya nane: ukinzani wa amplifaya usizidi moja ya nane ya ule wa hedifoni, ambayo hapa ni kama omu 37.

Mwalimu alizivaa, akafumba macho.

"Hapa gitaa la besi limekaa kitako," akasema. "Hii kwa nini unaikataa?"

Wala sikuikataa. Rekodi zile za zamani zina besi nyembamba, na desibeli 2 zinazipa mwili. Kanuni ya moja ya nane inakwambia sauti itatoka jinsi mtengenezaji wa hedifoni alivyokusudia. Kwamba utaipenda ni habari nyingine. Kama kila kitu kingeishia hapo, ushauri wangu ungekuwa: weka pesa yako benki, mwalimu, una amplifaya tayari.

Lakini kulikuwa na kivumo. Alipounganisha laptopu kwenye amplifaya ile, mvumo wa chini ulijaa masikioni. Muuzaji alishamwambia kwamba ni DAC mbovu ya laptopu. Nilichomoa chaja ya laptopu ukutani, ikabaki inatembea kwa betri. Kimya. Nikairudisha, mvumo ukarudi. DAC ilikuwa ile ile mara zote. Chaja za laptopu huvujisha umeme kidogo sana kupitia kapasita zake za kuchuja, na ule umeme unatakiwa uende ardhini kwa waya wa ethi. Nyumba ya mwalimu ina soketi za pini tatu, ila fito ya ethi nje ya ukuta ilishakatika waya. Umeme ule ukitafuta njia nyingine, hupita kwenye waya wa muziki. Hata DAC ya milioni tano ingevuma kwenye nyumba ile.

Umeme wa huku

Hii ndiyo sehemu ambayo mapitio ya vifaa hivi, yanayoandikwa zaidi Marekani na Ulaya, hayaigusi, na kwetu ndiyo inayounguza pesa.

Mwalimu alishawekewa alama kwenye simu na mpwa wake kwenye amplifaya mbili ndogo za hedifoni: Magni ya Schiit au Atom ya JDS Labs. Ni chaguo za busara. Magni ilianza kuuzwa 2012 kwa dola 99, Atom ikafuata 2018 kwa bei hiyo hiyo, na zote zina nguvu kupita hitaji la HD 650 huku ukinzani wa mlango ukiwa mdogo sana. Ila zote mbili, kwa matoleo hayo ya kwanza, zilikuja na adapta ya transfoma inayotoa AC. Adapta ya aina hiyo iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120 haichagui wala haijirekebishi. Ichomeke kwenye volti 230 za TANESCO na itaungua, pengine kabla hujavaa hedifoni. Chaja ya simu huandikwa 100–240 na hupokea chochote ndani ya hapo, ndiyo maana watu wamezoea kutosoma. Kwa kifaa cha sauti kilicholetwa na ndugu kwenye begi, soma kibandiko cha adapta kwanza.

Pili, umeme ukikatika mwalimu hutumia sola na inveta ya bei nafuu. Inveta za namna ile hazitoi wimbi laini, hutoa wimbi la ngazi. Balbu na chaja hazijali. Transfoma ndogo ya adapta huvuma na kupata joto, na mvumo huo huweza kuingia kwenye sauti. Na kwa kuwa amplifaya hizo zinataka AC, huwezi kuzipeleka moja kwa moja kwenye betri ya volti 12.

Mwalimu husikiliza usiku, saa ambazo umeme ukikatika hakuna wa kumlaumu. Kwangu hilo lilikuwa na uzito kuliko namba zote za maabara.

Je, DAC haina maana?

Ina maana, ila kazi yake imeshakuwa nyepesi. Mwaka 1982 CD ilipotoka, Philips walianza na chipu ya biti 14, wakitumia ujanja wa kuongeza kasi ya sampuli mara nne ili wafikie kiwango cha biti 16. Ilikuwa kazi ngumu na ghali. Leo vifaa vya bei ndogo kabisa hufika tofauti ya desibeli 100 na zaidi kati ya sauti kubwa na mngurumo wake wenyewe. CD yenyewe ni 96. Utepe wa sumaku wa studio za zamani ni kati ya 60 na 70, na santuri ya mizunguko 45 iliyochezwa harusini kwa miaka hufika chini ya hapo. Mkwaruzo wa Tabora Jazz wa mwalimu uko juu ya mngurumo wa DAC yoyote kwa umbali ambao hakuna sikio linaloweza kuuruka.

Hata hivyo alitaka kusikia mwenyewe, na alikuwa na haki. Kijana wa studio moja ya kurekodi hapa mjini alituazima kifaa chake cha USB chenye DAC, cha gharama. Tukakipambanisha na laptopu ikiwa kwenye betri, vyote vikipita kwenye amplifaya kubwa, nami nikalinganisha volti kwa multimita mpaka zikawa sawa. Mwalimu akakaa amenipa mgongo, nikabadilisha bila kumwambia. Hakuweza kuvitenganisha kwa uhakika. Kisha nikapandisha laptopu kwa desibeli 1 tu, kimyakimya.

"Hiki ndicho kile cha ghali," akasema bila kusita. "Sauti imekuwa safi."

Ndivyo DAC nyingi zinavyouzwa dukani. Moja inatoa volti 2, nyingine 2.3, na hakuna aliyezilinganisha.

Kilichobadilisha sauti yake kweli hakikugharimu kitu. Santuri zake za zamani ni za mono, lakini alizihamisha kwa sindano ya stereo na faili likawa na pande mbili. Wimbo uko sawa pande zote, ila mikwaruzo mingi haiko sawa, kwa sababu sindano ya stereo husoma pia mtikisiko wa juu na chini ambao kwenye mono ni uchafu mtupu. Ukiziunganisha pande mbili kuwa moja, wimbo unajumlishwa na sehemu kubwa ya uchafu inafutana. Kwenye simu za Android kuna kitufe cha mono ndani ya mipangilio ya ufikivu. Nilikibonyeza, na mwalimu akageuka kuniangalia. Kwa nyimbo za stereo akizime, vinginevyo atapoteza upana wake.

Tulichochagua

Amplifaya kubwa ilibaki sebuleni kwa ajili ya jioni ambazo umeme upo na anataka ile besi yake, na waya wa ethi ulifungwa upya na fundi umeme kwa pesa ndogo. Kwa usiku tuliagiza kifaa kidogo cha USB chenye ukubwa wa kidole, DAC na amplifaya vikiwa ndani pamoja, kinachokula umeme wa simu. Vipo vingi vinavyotoa volti 2 kwenye tundu la milimita 3.5 na volti 4 kwenye lile la balansi (kila sikio na waya zake mbili peke yake) la milimita 4.4, na ukinzani wa mlango ni omu chache tu. Hakijui kama TANESCO yupo au hayupo. Kasoro yake ni kwamba kinamaliza betri ya simu haraka zaidi, na simu haichajiki kikiwa kimechomekwa, isipokuwa utafute kigawio cha USB chenye njia mbili.

Volti 2 zilitosha kwa nyimbo nyingi. Kwa kanda za redio alitaka zaidi, hivyo nilimtengenezea waya wa 4.4. HD 650 hurahisisha hilo, kwa sababu waya wake hutoka kila sikio peke yake na pande mbili hukutana kwenye jeki tu. Ila kuna onyo ambalo nilimwandikia kwa kalamu nyekundu: asije akaunganisha mlango wa balansi kwenye jeki ya kawaida kwa kiunganishi cha kubandika. Kwenye balansi, waya wa pili wa kila upande si ardhi. Una umeme wake, ukienda kinyume na wa kwanza. Jeki ya kawaida huzigonganisha waya hizo za pili, kulia na kushoto, na kifaa kinaweza kufa.

Hesabu yote ilibaki chini sana ya ile milioni na nusu. Mwalimu aliuliza aifanyie nini iliyobaki, nikamwonyesha mito ya masikio. Hedifoni zilikuwa zimetumika Ujerumani miaka kadhaa kabla ya kuletwa, na sponji ilishalala. Mito ikilala, sikio linasogea karibu na spika na sauti ya kati na ya juu inabadilika kwa kiasi ambacho kinapimika, kuliko tofauti ya DAC yoyote tuliyoijaribu. Jozi mpya iliagizwa pamoja na kifaa. Mdogo wake amelipia.